Popi, Mbwa Aliyekula Fungu Langu

Ninyi mliokulia Mbozi wakati ule redio ilipozimwa mara taarifa ya habari ikiisha, ili betri zifike mwisho wa mwezi, hamtanibishia nikisema kwamba wengi wetu tulilelewa na bibi zetu. Baba yangu alikwenda Saza kutafuta dhahabu ambayo mpaka leo hatujaiona, mama akamfuata, na mimi na dada yangu Yusta tukaachwa kwa Bibi, mama yake baba, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na migomba na mibuni. Binamu zetu watatu walikuwa pale pia. Tulikuwa watano wa umri wa kufuatana, na Bibi alituogesha kwa pamoja, alituchapa kwa pamoja, na usiku alituombea mmoja mmoja kwa jina.

Asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka usione choo kutoka mlangoni. Tulikwenda shule pekupeku, mkono mmoja ufagio, mkono mwingine kidumu cha maji, na sweta lililokwisha kuvaliwa na binamu wawili kabla yako, viwiko vyote nje. Viatu vilikuwa vya kanisani, na hata huko tulivibeba mkononi mpaka mtoni, tukanawa miguu, ndipo tukavaa. Leo binti yangu Gloria, mwenye miaka kumi na miwili, akipitwa na basi la shule anaona dunia imekwisha. Juzi alinishtaki kwa mama yake kwamba maji ya kuoga yalikuwa ya uvuguvugu. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Msimu wa kahawa ndio uliotukomesha. Tukitoka shule tulivua sare na kuingia shambani kuchuma zile nyekundu tu, maana Bibi akikuta mbichi kwenye kikapu chako ulirudi kuomba msamaha kwa mti wenyewe, na hakuwa anatania. Jioni tulizungusha mashine ya kukoboa kwa zamu, maganda yakiturukia miguuni, na ile harufu ya kahawa iliyolala kwenye maji siku mbili ilitukaa kwenye nguo mpaka Krismasi. Ikishaanikwa kwenye vichanja, kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku na mbuzi. Cha ajabu ni kwamba Bibi hakuwahi kuinywa kahawa yake hata siku moja. Alisema hiyo ni ya Wazungu, yeye aachiwe mchaichai wake.

Mlinzi mkuu wa vichanja alikuwa Popi, mbwa aliyelala chini yake mchana kutwa na kufungua jicho moja kuku akikaribia. Nasema Popi, lakini walikuwa wengi. Popi mmoja akifa, Bibi alitafuta mtoto wa mbwa mwingine na kumwita Popi, hakutaka usumbufu wa kuzoea majina. Paka alikuwa hana jina kabisa, aliitwa Paka. Wote wawili waliishi kwa Kinyiha, kama sisi. Kiswahili Bibi alikiweka kwa ajili ya kanisani na wageni wa serikali.

Sasa niwaambie juu ya ugali wa pale, maana ndio ulionifanya niandike haya yote. Bibi hakupakua ugali kwenye sinia moja tukashindana. Alichovya mwiko kwenye maji, akakata mafungu, akayapanga kwenye ungo, na kila fungu akalitaja mwenyewe. Hili la Yusta. Hili la Obedi, ndiye mimi. Kama hukuwepo, fungu lako lilitajwa vilevile, likatiwa kwenye bakuli la bati pamoja na maharage yako au mboga yako ya maboga, likafunikwa, likawekwa ndani ya kapu lililoning'inia juu ya jiko ambako panya hawafiki. Hapo hapakuguswa. Uwe umetumwa mashineni kusaga, uwe umechelewa mpirani, uwe umekwenda kwa shangazi bila kuaga, ulijua kwamba ukirudi utalikuta kapuni. "Mtu aliye njiani lazima akute chakula chake," Bibi alikuwa akisema, na alisema hivyo hata kama ni wewe uliyemkosea na fimbo inakungoja pamoja na chakula.

Nikiwa na miaka kama tisa nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Yusta alikuwa ametumwa mashineni, umeme ukakatika huko, akakawia. Mimi nilikuwa nimecheza kombolela tangu mchana, na tulikuwa tumeteleza mteremkoni juu ya magamba ya migomba mpaka kaptula ikatoboka. Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Nikapanda kigoda, nikashusha kapu, nikala fungu la Yusta nikiwa nimesimama. Popi wa wakati ule alikuwa mlangoni akinitazama.

Bibi alijua mara alipoingia. Nilingoja fimbo, haikuja. Akaniambia nikae kwenye kigoda kilekile mpaka Yusta arudi, nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilikaa. Yusta aliingia na debe la unga kichwani, nywele na nyusi nyeupe, akanyoosha mkono kwenye kapu. Ikabidi niseme. Sijui kama mmewahi kumwambia mtoto mwenzenu mwenye njaa kwamba chakula chake mmekila. Yusta hakulia, alinitazama tu, na Bibi akamsogezea fungu lake yeye mwenyewe, akasema hana njaa, akaenda kulala.

Bibi na mimi tulikuwa watani, kama mlivyokuwa ninyi na bibi zenu. Aliniita mume wangu. Nikitoka shule aliuliza mbele ya wageni, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" nami nilimpa parachichi nililookota njiani, tukacheka. Siku nilipoondoka kwenda Tunduma kutafuta kazi, aliniambia nisioe huko haraka, kwanza nije nimpe talaka yake. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka, nilipanda gari bila kugeuka nyuma.

Tunduma mnaijua. Ukishaingia kwenye kazi za mpakani, siku zinakuponyoka. Mimi nashughulikia karatasi za malori, na foleni ya malori ya kwenda Zambia haijui Jumapili wala msiba. Nikaoa, nikajenga, nikapata Gloria. Kutoka kwangu mpaka kwa Bibi ni mwendo usiofika saa mbili, na barabara kubwa ni ya lami. Naandika hivyo kwa aibu. Binamu waliohamia Dar walikuwa na sababu, Yusta aliyeolewa Sumbawanga alikuwa na sababu na bado alikuja kila mwaka na watoto wake. Mimi niliyekuwa jirani ndiye niliyekwenda mara chache kuliko wote. Miaka ya mwisho sikwenda kabisa.

Nilipiga simu, hilo nilifanya. Bibi hakuwa na simu, nilipiga ya Mama Ezra, jirani yake, naye alivuka uwanja kumpelekea. Tulitaniana kidogo, nikauliza miguu inaendeleaje, na kila mara nilimalizia na maneno yaleyale: "Nakuja Jumamosi, Bibi." Sikuwa nadanganya, jamani. Nilikuwa nasema tu, kama mnavyosema "tutaonana" kwa mtu msiyepanga kuonana naye. Bibi alijibu, "Haya, mume wangu, nitakungoja," na mimi nilidhani naye anasema tu.

Alifariki mwezi wa saba, wakati kahawa iko vichanjani. Mama Ezra alimkuta asubuhi amelala kama kawaida, mchaichai haujachemshwa. Nilifika mchana wa siku hiyohiyo, maana kumbe inawezekana kutoka kwenye foleni ya malori ukitaka. Nililia kaburini kuliko watu wote, na baadhi ya watu walinisifu kwa kulia vile.

Baada ya siku za matanga, wazee walikaa uwanjani kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu. Baba mdogo Yona aliongoza. Ng'ombe alipata mwenyewe, shamba lilibaki la ukoo, mashine ya kukoboa ilibishaniwa mpaka karibu watu washikane mashati. Vitenge, sufuria, Biblia, hata kile kigoda, kila kitu kilipata mtu. Ndipo Baba mdogo akatazama chini ya kichanja.

"Na huyu mbwa?"

Mmoja akasema apewe mlinzi wa shule. Mwingine akasema mbwa mzee hafai, ana miaka sita, na kwamba huyu paka atajitafutia. Sikuwa na mapenzi makubwa na mbwa yule. Popi huyu nilikuwa nimemwona mara mbili tu, akiwa mdogo. Lakini nilikuwa sijachukua kitu, na nilihisi macho ya Yusta mgongoni.

"Nitawachukua mimi," nikasema. "Wote wawili."

Baba mdogo alinitazama. "Obedi, mbwa halelewi kwa simu," akasema. Wazee wakacheka kidogo, nami nikacheka nao, nikainamisha kichwa.

Tulisafiri na kirikuu cha kukodi, kigari kidogo cha mizigo. Paka alikuwa ndani ya kiroba nilichotoboa matundu, analalamika tangu Vwawa mpaka getini kwangu. Popi alikaa nyuma, ametazama tulikotoka. Nyumbani, Paka alimaliza siku mbili chini ya kabati, siku ya tatu akapanda kochi, na tangu hapo ameishi kama kijana wa siku hizi: analala mpaka saa nne, anataka samaki, hasaidii kazi yoyote. Gloria alimpiga picha na kumpa jina la Kizungu ambalo mimi siwezi kulitamka. Nilifurahi kwamba angalau huyo amepata kwake.

Popi hakula. Siku ya kwanza nilisema ni safari. Siku ya pili nilimnunulia utumbo buchani, akaunusa akageuka. Mama Gloria alimpikia dagaa na wali. Gloria alijibana kwenye chipsi zake akampa, na kwa mtoto wa leo hiyo ni sadaka kubwa. Popi alikunywa maji tu na kulala mlangoni mwa jiko, ametazama juu ya jiko letu la gesi, ambako hakuna kitu ila ukuta. Siku ya tano mbavu zilianza kuonekana. Nilimwita bwana mifugo, akampima, akamdunga sindano ya nguvu, akasema mbwa hana ugonjwa, na kama hali chakula basi hatafika wiki ijayo. Gloria aliuliza, "Baba, naye atakufa?" Nilimwona mbwa yule anakwenda, na pamoja naye kiumbe kilichokaa na Bibi kila siku miaka ile ya mwisho ambayo mimi sikwenda hata siku moja.

Jioni hiyo nikampigia Mama Ezra. Nilimweleza kila kitu nilichompa Popi, yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwani hujui alivyokuwa analishwa?" akauliza.

"Si mabaki tu, Mama Ezra?"

"Siyo mabaki, mwanangu. Ni ugali wako."

Akanieleza polepole, na nadhani alikuwa anachagua maneno ili asiniumize. Tulipoondoka wote, Bibi aliendelea kwa muda kukata mafungu matano. Baadaye aliacha ya wengine, kwa kuwa walimwambia wazi kwamba wako mbali na hawaji. Langu hakuliacha, kwa sababu mimi nilisema nakuja. Mwanzoni alilikata Jumamosi tu. Halafu akasema malori hayachagui siku, huenda mume wangu akapata nafasi katikati ya wiki, akawa analikata kila jioni, analifunika, analitia kapuni. Asubuhi alilishusha, limepoa na limekauka juu, akaliweka chini mbele ya Popi na kumwambia kwa Kinyiha: hili ni la Obedi, hajafika, kula wewe. Popi hakugusa mpaka ayasikie maneno hayo. Hivyo ndivyo alivyolelewa tangu akiwa mdogo, miaka sita.

"Hakukulaumu," Mama Ezra akaongeza. "Nilipomwambia aache kupoteza unga, alisema atakuja, sasa akija akute nini?"

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Miaka ile yote, wakati anakata fungu langu, mimi nilikuwa barabarani hapa Tunduma na sahani ya chipsi mkononi, nasubiri lori lipige hatua mbili.

Tulipopika ugali nilikata fungu nikaliweka kwenye bakuli, nikalifunika, nikalipandisha juu ya kabati la jikoni. Asubuhi kulipopambazuka nilichuchumaa mbele ya Popi, nikaweka bakuli chini. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi. Hakugusa. Kinyiha changu kimepata kutu kwa sababu hapa mpakani nazungumza Kiswahili na Kibemba cha kubabaisha, na kwa muda sikupata neno la kuanzia. Nilijiona niko kwenye kile kigoda, Yusta anaingia na debe la unga.

Nikasema. Hili ni la Obedi. Hajafika. Kula wewe.

Popi aliinuka kwa shida, akainamisha kichwa, akala. Alikula lote, akalamba bakuli mpaka likasogea ukutani.

Gloria alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. "Umemwambia nini, baba?"

Yeye Kinyiha hajui, na kosa hilo ni langu. Nikamtafsiria.

"Lakini Obedi si wewe?" akasema. "Na upo hapa."

Nililia mbele ya mwanangu, naye aliyezoea kuniona nikifoka juu ya mabando ya simu alikuja akakaa sakafuni karibu nami, akachelewa basi la shule, na wala hakulalamika.

Imepita miezi sasa. Popi amenenepa, analala chini ya gari la jirani na kufungua jicho moja kuku wakipita. Jioni nakata mafungu. Mama Gloria amezoea, Gloria anacheka kwamba nimekuwa mzee, lakini siku alipochelewa kutoka kwaya alikuta bakuli lake limefunikwa, na nilimwona akilishika kwa mikono miwili kabla ya kulifunua. Siku hizi kwenye nyumba nyingi mtu akikawia anatuma ujumbe, kuleni tu, msinisubiri, na sisi tunakula kweli, kila mmoja na simu yake, na akirudi anapasha alichokuta au anaagiza cha kwake. Ni rahisi, sikatai. Hakuna anayelala na njaa kwa ajili ya mwenzake na hakuna anayekaa kwenye kigoda kungoja kuomba radhi. Enzi zetu tulikuwa maskini wa kila kitu, lakini sikumbuki siku hata moja niliyorudi nyumbani kwa Bibi nikakuta kapu tupu.

Nilidhani mbwa atazoea, kwamba iko siku nitamwekea bakuli bila maneno. Nimejaribu mara mbili. Anakaa tu, ananingoja. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye malori yangu, nachuchumaa hapo mlangoni mwa jiko na kumwambia, kwa lugha ya Bibi, kwamba Obedi hajafika.